Bunduki Mbili za Mzee Tidwell

Arlington, Texas
Jumapili, 16 Novemba 2003

Kwako Baba yangu mpendwa, Mwalimu Kiptoo,

Chamgei, Baba. Nimeanza kwa salamu ya Kinandi, lugha ya kwenu, ili mama yako Kogo akisomewa barua hii afurahi, na sasa naendelea kwa Kiswahili cha nyumba yetu ili Mama asiseme nimependelea upande mmoja. Unaendeleaje? Kile kikohozi cha vumbi la chaki kimeisha, ama bado unakunywa maji moto na ndimu kila asubuhi na kusema ni dawa? Kogo je, mguu wake? Na darasa lako la kwanza, lile ambalo tangu masomo yawe ya bure wazee wenye ndevu nao wanataka kuingia, wizara imeshaleta madawati au watoto bado wanaandikia magotini? Huwa nakuwazia umesimama katikati yao kama mtu aliyevuka mto ukajaa nyuma yake.

Sisi ni wazima. Mama anakutumia salamu nyingi. Yuko jikoni anakaanga matoke na kuimba ile sauti ya tatu ambayo ulisema haipo kwenye wimbo wowote. Ndugu yangu Mark amekuwa mrefu kuliko jokofu na anajibu kila kitu kwa Kiingereza. Juzi Mama alimwita mara tatu, akajibu Kiingereza mara tatu, Mama akamwambia basi leo atakula Kiingereza chake kwa mboga, na kweli sahani yake ilichelewa mpaka akasema naam. Kanisani kule Grand Prairie wote wanakuuliza. Mchungaji amesema ukifika Desemba utapewa dakika tano za kusalimia, na Mama amemwonya kwamba wewe ni mwalimu, dakika tano kwako ni kufuta ubao.

Baba, utaona wino wa barua hii umefutikafutika upande mmoja, kama mtu aliyeburuta kiganja juu yake. Najua jicho lako limeshafika hapo kabla hujasoma salamu. Sababu ipo na nitaifikia, ila uniache nije polepole, kwa sababu unanijua, mimi jambo gumu siwezi kuliingia kwa mlango wa mbele. Mama ameniambia nikuandikie mwenyewe kabla hujapanda ndege. Linahusu mkono wangu wa kushoto. Sio kwamba naogopa utanipiga, hujawahi kunipiga hata siku moja. Naogopa utanyamaza.

Unakumbuka ile leso yako ya miraba ya samawati? Nilikuwa darasa la kwanza, mwanafunzi wako na mtoto wako kwa pamoja, na kila ulipogeuka kuandika ubaoni penseli yangu ilihamia kushoto. Jioni nyumbani ukanifunga mkono huo kwa leso, pole pole, fundo la kulegea ambalo ningeweza kulifungua kwa meno kama ningetaka. Ulisema mtu anayempa mgeni kikombe kwa kushoto amemtukana bila kufungua mdomo, na kwamba Kogo hatapokea maziwa yangu hata akiwa na kiu ya kufa. Nikimaliza ukurasa mmoja kwa mkono wa kulia ulinipa hindi la kuchoma. Nilimaliza kurasa nyingi, Baba, na mahindi hayo sijayasahau. Halafu mwandiko wangu ukawa mzuri, ukawa unabeba daftari langu kwenye mikutano ya wazazi na kuwaambia wale wenye watoto kama mimi kwamba hata Chebet wangu alikuwa hivi, tazameni sasa. Nilikuwa nasimama nyuma ya mlango nasikiliza. Sijui kama kuna siku nimejisikia mkubwa hivyo tena.

Sasa nikueleze habari za Mzee Tidwell. Ndiye yule mgonjwa aliyekuwa akitunzwa na Mama hapa Arlington, mwenye kiti cha magurudumu na mashine ya hewa, aliyekutumia kofia pana ukasema utaivaa siku mbuzi wakiwa hawatazami. Siku za Jumamosi nilikuwa naenda na Mama kwake, yeye akimwogesha na kumpimia presha, mimi nikifanya kazi za shule kwenye meza ya karakana. Mzee huyu maisha yake yote alikuwa fundi wa bunduki za kuwindia. Sio za kutoka kiwandani. Alikuwa anamtengenezea mtu mmoja bunduki yake moja, kwa kipimo, jinsi fundi wa cherehani anavyokupima sare: urefu wa mkono, upana wa bega, mfupa wa shavu unakaa wapi. Kazi kubwa iko kwenye kitako, ile sehemu ya mbao unayoegemeza begani na kulaza shavu. Yeye anasema ukiibeba bunduki ya mtu mwingine ni kama kuvaa viatu vya mtu mwingine, utafika, lakini utafika ukichechemea.

Najua ukisikia bunduki unawaza askari, au wale wezi wa mifugo waliowashukia watu wa Mjomba kule bondeni. Mimi pia nilikuwa hivyo. Wiki ya kwanza niliona zile mbili ukutani nikakaa na mgongo wangu kwenye mlango. Kilichonizoesha ni mbao. Moja imechongwa kwa mti mweusi wenye mistari kama maji yanayokwenda. Nyingine ni nyekundu, rangi ya asali iliyoungua, na nilipouliza ni mti gani Mzee akanionyesha uani: miba, majani membamba, maganda yametundikwa kama maharagwe ya manjano. Baba, nilicheka peke yangu. Ni ndugu yake mathenge! Ule mti mliotupeleka kuuona Baringo, ambao wazee walikuwa wanaulaani kwa kuwang'oa mbuzi meno, huku wanauchonga, wanaupaka mafuta mpaka unang'aa, na wanaume wazima wanaupapasa kama shavu la mtoto. Nilimwambia Mzee kwamba kwetu mti huu una kesi. Akasema hata huku wafugaji wanauchukia, na akacheka mpaka mashine ya hewa ikalia.

Basi akanipa kazi. Nikimaliza hesabu, nizipake mafuta zile bunduki mbili kwa kitambaa laini. Niliona kitu cha ajabu. Ile nyeusi, upande wa kushoto wa kitako ina uvimbe mzuri uliochongwa kwa ajili ya shavu la mwenye kutumia mkono wa kulia. Upande huo ni mpya kabisa. Ule wa pili ambao hauna kitu, ambao shavu halina sababu ya kufika, ndio umelika, rangi imeondoka, mbao imekuwa nyororo kama mpini wa jembe la Kogo. Sikuuliza. Unajua mimi siulizi.

Mwisho wa Oktoba kukawa na maonyesho ya bunduki huko Fort Worth. Mzee alikuwa amekodi meza, na ilikuwa mara yake ya mwisho, maana alikuwa anahamia Katy, karibu na Houston, kuishi kwa binti yake Lorene. Mama hakutaka kwenda. Aliomba kwanza, akampigia Mama Mchungaji simu, wakaomba tena wawili. Lakini mgonjwa ni wake, kwa hiyo tukaenda, Mama na sare yake ya kazi yenye vipepeo anasukuma kiti cha magurudumu, mimi nyuma na bunduki mbili ndani ya mablanketi kama nimebeba mapacha. Mlangoni askari wanakagua kila bunduki na kuifunga kwa kamba ya plastiki isiweze kufyatuka. Ndani ni ukumbi mkubwa kuliko soko la Eldoret, meza baada ya meza, wanaume wa kofia, harufu ya mafuta na mahindi ya kukaangwa. Kuna waliokuja na silaha za kutisha, hizo nilizipita nikitazama viatu vyangu. Lakini kona ya kina Mzee ni ya wazee watupu, na kila mmoja ametandika kitambaa na kulaza bunduki moja, mbili, basi.

Hapo ndipo Mama alipokosea, Baba, na ukimkumbusha nitakana kwamba nilikuandikia. Mzee alikuwa amegeukia meza ya jirani anaongea na rafiki yake. Mama akatazama meza yetu, akaona asubuhi yote watu wanapita, wanasimama, wanagusa, wanaondoka, na hakuna kilichouzwa. Damu yake ya zamani ya kuuza ndizi sokoni ikaamka. Akasimama, akajifunga kitenge juu ya vipepeo, akaanza kuwakaribisha kastoma. Shika uone, kushika ni bure! Jamaa mmoja mwenye bizimu kubwa la mshipi akashika ile nyekundu ya mathenge, akauliza bei, na Mama akamwambia wewe sema tu, Mzee anahama, atashuka, mimi nitaongea naye. Jamaa akatoa pochi. Wazee wa kona yetu wote wakatukodolea macho. Nilitaka kuingia chini ya meza na nadhani nilikuwa nimeshapiga goti moja.

Mzee aligeuka, akawa mweupe kuliko alivyo, halafu akaanza kucheka. Alicheka, akakohoa, akacheka, mpaka Mama akaacha biashara na kumshika mapigo ya moyo. Rafiki yake ndiye aliyemweleza Mama kwamba watu wa kona ile hukodi meza ili wasiuze. Wanakuja kukaa na bunduki zao na kusimuliana: hii ilitengenezwa kwa ajili ya nani, mti ulikatwa kwa nani, nani alilala mvuani akiwinda nayo. Akasema miaka yote aliyokuwa akija hapo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Mzee bei ya zile mbili, ingekuwa ni utovu wa adabu. Mama aliona haya mpaka masikio. Mimi nikamnong'oneza kwamba ni kama kumfuata Babu zizini na kumuuliza yule fahali wake mwenye pembe ya kupinda anauza ngapi. Mama akasema kwa nini hukuniambia mapema, na wewe ndiye Mnandi hapa.

Yule jamaa alirudisha pochi na kuomba radhi, lakini hakuondoka, akavuta kiti. Ndipo Mzee akasimulia, na nadhani alisimulia kwa ajili ya Mama asijisikie vibaya.

Alisema ile nyeusi aliichonga Lorene alipofika umri wa kuwinda. Aliipeleka kila maonyesho kabla hajampa, akijivuna, kwamba hii ni ya binti yangu. Lorene aliipokea, akamkumbatia, akaenda nayo kuwinda misimu mitatu. Akiwa na baba yake alikosa kila paa. Mzee akadhani mtoto ana macho mabaya, akampeleka akapimwe, macho yakawa mazima. Siku moja anaisafisha, mwanga wa dirisha ukapiga kitako, akaona kwamba rangi imelika upande usiofaa. Akakaa chini hapo hapo. Mtoto alikuwa wa mkono wa kushoto. Akiwa peke yake aliibeba kushoto, maganda ya risasi yanampita mbele ya pua, shavu lake kwenye mbao isiyochongwa kwa ajili yake. Na akiwa na baba yake aliibeba kulia, kwa sababu baba ndivyo alivyoichonga.

Mama akauliza alimwadhibu vipi. Mzee akasema hakusema neno. Alitoka akakata mti uani, akaukausha, akachonga msimu mzima wa baridi bunduki ya mkono wa kushoto, kila kitu upande wa pili, akaiweka kitandani kwa Lorene akaenda kulisha farasi. Ndio ile nyekundu. Jamaa wa pochi akauliza, basi hii nyeusi, ambayo ilikuwa kosa, unaileta ya nini kila mwaka? Mzee akaiwekea mkono. Akasema hiyo ndiyo anayoipenda zaidi. Akasema mtoto aliibeba miaka mitatu ikimuumiza, kwa sababu tu ilitoka kwake, na hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kumpenda kwa namna hiyo.

Baba, nilikuwa napaka mafuta wakati anasema. Nikaacha kupaka. Halafu nikaona kwamba Mzee ananitazama, na anatazama kitambaa, na kitambaa kiko mkono gani. Kumbe Jumamosi zote hizo alikuwa ameona. Akaniambia niinue ile nyekundu. Nikatikisa kichwa. Akasema imefungwa, haiwezi kumdhuru hata nzi, nifumbe macho, niinue hadi begani bila kufikiria, halafu nifumbue. Ndivyo alivyokuwa akimpima kila mtu. Nikamtazama Mama. Nikafumba. Nilipofumbua, iko bega la kushoto, shavu langu limelala mahali pake, na jicho linatazama mbele moja kwa moja mpaka ukuta wa mwisho. Sikupenda bunduki, Baba, usihofu, na sitaki kuwa nayo. Nilichopenda ni kile kitu cha kutolazimika kujipinda.

Nikaiweka chini na kulia kidogo. Wazee wote wa kona ile wakajifanya wanakagua bunduki zao. Mama akanishika kichwa, akasema taratibu, kumbe ushoto wako haukuisha. Nikamwambia haujaisha, Mama. Nikamwambia vile nikifika shuleni huwa natumia kushoto, kwa sababu hapa walimu hawajali, na nikifika nyumbani narudi kulia, na mitihani ambayo alama zake huwa unazisifu katika barua niliiandika kwa ule mkono mwingine. Mama alisukuma kiti cha Mzee hadi kwenye gari. Halafu akasema hiyo siri ni nzito kwake, yeye hawezi kuibeba mbele ya Kiptoo, na kwamba baba anayefunga fundo la kulegea anaweza kuambiwa.

Kesho yake Lorene alikuja kutoka Katy kumchukua baba yake. Ni mama mtu mzima, anafundisha watoto wa shule kama wewe, na anacheka kwa pua. Tulipokuwa tunafunga mizigo nilimuuliza swali moja, na unajua kwangu swali moja ni mengi: kwa nini hakumwambia baba yake. Alisema hakuthubutu. Ila msimu ule wa tatu aliacha kuupaka mafuta ule upande uliolika. Alijua baba yake husoma mbao. Akaiacha mahali ambapo mwanga wa dirisha unafika.

Kwa hiyo Baba, sasa unajua kuhusu wino. Barua hii yote, toka Chamgei, nimeiandika kwa mkono wa kushoto. Kiganja kinafuata kalamu na kufuta nyuma yake, ndiyo sababu. Ningeweza kuinakili upya kwa kulia, ikawa safi, usingejua kamwe. Nimeiacha ufikie mwenyewe, kwa sababu nawe ni msomaji.

Sikuombi useme ulikosea. Yale mahindi yalikuwa ya kweli, na leso ilikuwa ya kweli, na Kogo nitampa maziwa kwa mkono wa kulia na kuinama, hilo silibadilishi. Naomba tu kwamba Desemba tukikaa mezani ukaniona nashika kalamu upande huu, usinyamaze. Sema chochote, hata utani. Na ombi jingine dogo, kama halikukosei heshima. Katika wale watoto wako wote waliojazana, lazima yuko mmoja ambaye ukigeukia ubao penseli inahama. Siku moja geuka pole pole, umpe muda amalize neno.

Mzee Tidwell amefika Katy salama, Lorene amepiga simu. Bunduki zote mbili ziko ukutani, anasema, nyeusi imepewa nafasi ya juu. Mama anakuita mume wake wa mbali na anasema usibebe masufuria, huku yapo; beba majani ya chai na unga wa wimbi. Mark anasema "hi", nimemlazimisha akaongeza kwamba amekukumbuka sana. Mpelekee Kogo salamu zangu, na yule paka, na mtu yeyote atakayeuliza. Hewa iwe njema huko juu, rubani awe mtu mwenye watoto, ufike.

Jina langu hapa chini nitaliandika kwa mkono ulionifundisha wewe. Litazame vizuri, halijafutika hata herufi moja. Huo mkono bado ninao, Baba, na utabaki kuwa wako.

Binti yako akupendaye,

Chebet